Cha juu kiko wapi? Bei ya gari la yadi inavyojengwa, na pale inapokubali kushuka

Tangazo linasema: "Toyota IST, cc 1290, haijatembea Bongo, AC safi, milioni 23.5, maongezi yapo." Mnunuzi wa kwanza anapiga simu, anaomba apunguziwe milioni sita, muuzaji anacheka na kukata. Wa pili anafika yadi, anaomba laki tatu, anapewa papo hapo na kuondoka akijisifu. Wote wawili wameshindwa kwa sababu moja. Walisikia kwamba maongezi yapo, lakini hakuna aliyejua yanaanzia wapi na yanagota wapi.

Bei ya gari la yadi Dar es Salaam haitoki hewani. Ni vipande vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na vingi kati ya hivyo vimeshalipwa kwa watu wengine kabla gari halijafikishwa kwenye kokoto za yadi: muuzaji wa Japani, kampuni ya meli, TRA (mamlaka ya mapato), bandari, wakala wa forodha. Mwenye yadi hawezi kukupunguzia hela aliyokwisha kuilipa serikali. Anachoweza kupunguza ni chake mwenyewe, yaani cha juu. Kwa hiyo kabla ya kubishana bei, kazi ya mnunuzi ni kukadiria cha juu hicho ni kiasi gani. Na hili si gumu kama wengi wanavyodhani, kwa sababu vipande viwili vikubwa kuliko vyote, bei ya Japani na kodi, vinapatikana mtandaoni kwa yeyote mwenye simu.

Magari ninayoyazungumzia hapa ni yale yaliyotumika Japani yakaletwa nchini yakiwa hayajapigwa namba, kwa kuwa ndiyo ambayo watu wengi wa kawaida hununua yadi. Ya kilometa sifuri nitayagusa baadaye.

Kinachotoka Japani

Japani gari binafsi hukaguliwa kwa lazima likitimiza miaka mitatu tangu kusajiliwa, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo wanauita shaken, na unaambatana na bima ya lazima na kodi ya uzito. Gari likianza kuzeeka, mwenyewe huona heri aliuze kuliko kuligharamia ukaguzi mwingine. Magari mengi yenye afya huishia minadani kwa njia hiyo, na kwa kuwa Wajapani nao huendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani tayari uko mahali tunapoutaka.

Kwenye tovuti za wauzaji wa Japani utaona bei mbili. FOB ni bei ya gari likiwa bandarini kwao, kabla ya nauli. CIF ni bei hiyo pamoja na bima na nauli ya meli mpaka Dar es Salaam. Tafuta gari linalofanana kabisa na unalolitaka, mwaka uleule, injini ileile, kilometa zinazokaribiana, uone magari kadhaa yanasimama kwenye bei gani. Usichukue lile la bei rahisi kuliko yote ukaenda nalo yadi kama ushahidi. Mara nyingi lina sababu ya kuwa rahisi, na muuzaji anaijua.

Kumbuka pia kwamba mwenye yadi anayeagiza magari mengi kwa mkupuo hanunui kama wewe. Ana mtu wake mnadani, na mara nyingi hulipa pungufu ya kile unachokiona kwenye tovuti. Bei ya tovuti ichukue kama dari ya gharama yake.

Kodi, ambayo si siri

Hapa ndipo penye hela nyingi na ndipo wanunuzi wengi wanapokuwa gizani bila sababu. TRA ina kikokotoo cha thamani ya magari yaliyotumika kwenye tovuti yake. Unachagua aina ya gari, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi lilikotoka, mafuta na ukubwa wa injini. Kinakupa thamani ambayo TRA inaitambua na kodi yote, kipande kwa kipande. Kinachosomwa ni thamani ya TRA. Hata kama mwenye yadi alibahatisha gari kwa bei ya kutupa mnadani, kodi yake haikushuka kwa sababu hiyo. Kenya nao huenda kwa mantiki hiyohiyo: KRA ina orodha yake ya bei, na kodi huanzia huko, ingawa wao wamezuia kabisa kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Sisi hatukuzuia, ila tumeutoza uzee.

Kodi zenyewe hupandiana. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya CIF. CIF ukijumlisha na ushuru huo, jumla yake ndiyo inayotozwa ushuru wa bidhaa kwa kufuata injini: gari lisilozidi cc 1000 halilipi, kuanzia hapo hadi cc 2000 ni asilimia 5, na zaidi ya hapo asilimia 10. Kisha unakuja ushuru wa uchakavu kwa magari ya abiria, nao juu ya jumla hiyohiyo, asilimia 15 kwa gari lenye miaka minane hadi kumi na asilimia 30 kwa lililozidi kumi. Vyote vikishajumlishwa, VAT ya asilimia 18 inakaa juu yake. Kuna na tozo ndogondogo za reli na za forodha. Viwango hivi huguswa mara kwa mara bajeti inaposomwa Juni, kwa hiyo kikokotoo kifungue siku unayokwenda kununua.

Tufanye hesabu ya mfano. Gari la cc 1290 ambalo TRA inaliona lina thamani ya CIF ya shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha ni milioni 2.5, jumla 12.5. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 ni 625,000. Kama gari limezidi miaka kumi, uchakavu ni 3,750,000. Jumla imefika 16,875,000, na VAT yake ni 3,037,500. Kodi yote, ukiacha tozo ndogo, ni 9,912,500. Yaani serikali inachukua karibu sawa na thamani ya gari lenyewe. Gari la thamani hiyohiyo lingekuwa na miaka minane hadi kumi, kodi ingekuwa milioni 7.7, chini ya miaka minane, 5,487,500. Kwa hiyo magari mawili yanayofanana rangi na sura, moja likiwa limevuka mstari wa miaka kumi na jingine bado, yanaweza kutofautiana kodi kwa milioni mbili na ushei. Mwaka uangalie kwenye hati za gari. Kwenye tangazo kunaweza kuandikwa mwaka wowote.

Kuna karatasi moja inayomaliza ubishi wote wa kodi: tansadi, ile hati ya forodha ya kuingizia gari nchini. Ina kiasi kilicholipwa na ina tarehe. Omba kuiona. Si kila muuzaji atakubali, na kukataa peke yake si dalili ya wizi, kwani wengine hawapendi tu mteja asome daftari lao. Lakini akikuonyesha, tarehe ni muhimu kuliko hata kiasi. Inakuambia gari limekaa yadi muda gani.

Bandari na wakala tusikae hapo sana. Kuna ada za kampuni ya meli, za bandari, za wakala, na za kuhifadhi gari likichelewa kutolewa. Ukitaka makadirio, mpigie wakala yeyote wa forodha umuulize kutoa gari dogo moja ni kiasi gani. Atakujibu kwa sababu anatafuta kazi.

Sasa cha juu

Turudi kwenye ile IST ya milioni 23.5. Tuseme mwenye yadi alilinunua gari na kulisafirisha kwa milioni 9, ingawa TRA inalithamini milioni 10. Kodi ni hiyo 9.9. Tozo, bandari na wakala tuweke milioni 1.2. Gari limemfikia kwa milioni 20.1 hivi. Anachotaka juu yake ni milioni 3.4.

Sasa yule wa kwanza aliyeomba apunguziwe milioni sita alikuwa anaomba auziwe kwa hasara ya milioni mbili na laki sita, ndiyo maana simu ilikatwa. Wa pili aliomba laki tatu katika milioni tatu na laki nne. Ukweli wa biashara uko katikati, na hauko katikati kabisa, kwa kuwa kutoka kwenye ile 3.4 muuzaji analipa pango la yadi, walinzi, vijana wa kuosha, kamisheni ya dalali, na hela yake iliyofungwa tangu siku alipolipia Japani. Mimi kwa gari la aina hii ningelenga punguzo la milioni moja hadi moja na nusu, nikianzia na ofa ya chini zaidi ili pawe na pa kupandia.

Nasema "kwa gari la aina hii" kwa makusudi. IST, Vitz, Passo ni magari yanayotoka haraka. Mwenye yadi anajua usiponunua wewe leo, Jumamosi atakuja mwingine. Cha juu chake ni kidogo na hakibonyei sana. Penye nafasi ya kweli ni kwenye magari yanayolala: yenye injini kubwa ambayo watu huogopa mafuta yake, ya kampuni ambazo vipuri vyake havijazagaa Kariakoo kama vya Toyota, au ya rangi ambayo watu hawaipendi. Gari la namna hiyo likitimiza miezi minne au mitano juani, matairi yakianza kushuka upepo na betri ikihitaji kubustiwa kila mteja akija, bei yake inakuwa laini. Hapo ndipo tarehe ya tansadi inapolipa. Na ukijua unachokitaka ni Harrier Anaconda tu na si kingine, usilitangaze hilo ukiwa bado getini.

Kuhusu dalali: si adui, na wako wanaokuokoa muda mwingi. Lakini akikufikisha yadi, kamisheni yake imeshaingizwa kwenye bei unayotajiwa, na hana sababu ya kutaka ishuke. Ukifika peke yako, sema wazi: "Kaka, mimi sikuletwa na mtu. Ile ya dalali nipunguzie mimi." Hili ni ombi ambalo wauzaji wengi hulielewa mara moja, maana ni hela ambayo wangeitoa tu.

Karatasi ya mnada

Kabla ya kusema bei, hakikisha mnaongelea gari moja. Magari mawili ya mwaka mmoja na modeli moja yanaweza kuwa yamenunuliwa Japani kwa bei zilizoachana sana, na ukiwa yadi, yote yakiwa yameoshwa na kupigwa polishi, usione tofauti.

Tofauti iko kwenye karatasi ya mnada. Kabla ya kuuzwa, mkaguzi wa mnada huliwekea gari alama: 4 na 4.5 ni gari zuri sana kwa umri wake, 3.5 ni la kawaida, 3 lina kazi ya kufanya. Herufi R au RA maana yake liliwahi kupata ajali iliyogusa fremu na likatengenezwa. Ndani ya gari hupewa alama ya herufi kuanzia A kushuka chini. Kisha kuna mchoro wa bodi wenye alama ndogo: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipopigwa rangi upya, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa, XX kilishabadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa wa tatizo. Na karatasi hiyo ina kilometa za siku ya mnada, ambazo unaweza kuzilinganisha na zile za kwenye dashibodi. Kilometa huwa zinarudishwa. Hakuna sababu ya kuoneana haya kuuliza.

Muuzaji akisema karatasi haipo, chukua namba ya chesisi. Kuna huduma za mtandaoni zinazokutafutia rekodi ya mnada kwa malipo madogo ukilinganisha na bei ya gari. Gari la R si lazima ulikatae, lakini usililipe bei ya 4.

Baada ya hapo mlete fundi wako. Wako, siyo anayekaa nje ya yadi. Kila anachokiona kina bei, na mambo mengine unaweza kuyaona mwenyewe. Tairi lina namba nne kwenye ubavu: 2317 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Magari mengine yanakuja na matairi ya barafu, yameandikwa STUDLESS. Ni laini na kwa lami yetu ya mchana hayadumu. Redio nyingi za Kijapani masafa yake ya FM huanzia 76 na kuishia 90 au 95, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa huzipati bila kifaa cha kuongezea. Haya ni madogo, ila matairi manne mapya, betri, redio na mazulia ni hela. Na kuna jambo la ajabu kidogo hapa: muuzaji aliyegoma kabisa kushusha laki tano anaweza kukubali kukufungia matairi ya laki tano sitini bila kusumbuka, kwa sababu yeye huyapata kwa bei ya jumla, na kwa sababu kitabuni gari litasomeka limeuzwa bei aliyoitaka.

Mezani

Salimia, zungumza, usikimbilie bei. Lakini bei ikianza, swali la kwanza liwe: "Hiyo ni pamoja na nini?" Usajili na namba zimo? Bima imo? Kadi itatoka kwa jina langu? Wapo wanaotaja milioni 22 na wengine 23, na aliyesema 23 ndiye rahisi, kwa kuwa yeye amejumlisha kila kitu. Linganisha bei za mpaka mkononi tu. Na itajwe kwa shilingi: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za hapa nchini kutangazwa au kulipiwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ule mchezo wa kutajiwa dola kisha kuambiwa dola ya leo imepanda umekosa uhalali.

Swali ambalo wewe utaulizwa ni "Bajeti yako ngapi, boss?" Linaulizwa kwa upole na linaonekana la kukusaidia. Usilijibu kwa namba. Ukisema una milioni 23, utaonyeshwa magari ya milioni 23, hata lile lililokuwa la 21 na nusu. Jibu kwa gari: "Nataka hili, niambie bei yako ya kuuza."

Ukishatoa ofa, nyamaza. Ofa yenye hesabu ina uzito kuliko ofa ya kubahatisha. Ukisema "kodi ya gari hili ni milioni tisa na laki tisa, nimeiangalia asubuhi," muuzaji anajua anaongea na nani, na stori za "hata mimi sipati kitu hapo" hupungua zenyewe. Usimkejeli wala kumsomea hesabu yake yote kama mwanasheria. Anahitaji kufaidika ili akuuzie, na akiona unataka kumvua nguo atakwambia subiri bosi, na bosi hatakuja. Akigoma, acha namba yako na ofa yako, uondoke kwa amani. Mwisho wa mwezi pango linapodaiwa, au meli nyingine inapokaribia na nafasi ya kuegesha imekwisha, simu hupigwa.

Mkopo unavyofunika bei

"Lipia nusu, ondoka na gari" ni tangazo zuri, na ndilo linaloua maongezi kirahisi kuliko yote, maana mazungumzo yanahama kutoka bei ya gari kwenda rejesho la mwezi. Patana bei ya taslimu kwanza mpaka mwisho. Mkopo uje baadaye kama jambo la pili.

Na uliza riba inahesabiwaje. Mkopo wa milioni 20 kwa miaka mitatu, riba asilimia 18 inayopungua kadiri salio linavyopungua, rejesho ni kama 723,000 kwa mwezi na riba yote ni milioni 6 hivi. Asilimia 18 hiyohiyo ikipigwa kwenye mkopo wote mwanzo hadi mwisho, rejesho ni 855,600 na riba ni milioni 10.8. Aina ya pili, ukiigeuza kuwa ya kwanza, ni zaidi kidogo ya asilimia 30 kwa mwaka. Tofauti hiyo ya milioni 4.8 ni kubwa kuliko chochote ambacho ungekipata kwa kubishana yadi mchana kutwa.

Kwa wale wanaotaka gari la kilometa sifuri kutoka kwa wakala rasmi wa kampuni, mchezo ni tofauti kidogo. Bei iko kwenye orodha, na anayekuhudumia mara nyingi hana mamlaka ya kuishusha sana. Wateja wakubwa huko ni taasisi zinazonunua magari mengi kwa mara moja, na punguzo la maana huenda kwao. Mtu binafsi atapata zaidi kwa kudai huduma za bure za kilometa za mwanzo, dhamana iandikwe vizuri, na vifaa vya nyongeza, au kwa kuuliza kama kuna gari la toleo la mwaka uliopita lililobaki.

Mkishakubaliana, yaandikwe: bei, namba ya chesisi, vitu vilivyoahidiwa kimoja kimoja, nani analipia usajili na lini. Lipa kwa benki, kwenye akaunti yenye jina la yadi. Namba ya simu ya kijana aliyekuhudumia si mahali pa kulipia gari. Dai risiti ya EFD yenye kiasi kamili. Ukiambiwa bila risiti unapunguziwa, fahamu kwamba siku likitokea tatizo hutakuwa na cha kuonyesha. Ikiwezekana, bakiza sehemu ya malipo mpaka kadi itoke. Muuzaji aliyezoea kazi hatashangaa, na kadi ikija, soma jina, namba ya chesisi na namba ya injini ukiwa umesimama mbele ya gari, boneti ikiwa wazi, kabla hujalimalizia deni.